Maswali Arobaini kwa Mzee wa Muyinga

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mvua asubuhi, matope mchana. Nimechoka, na juma ndiyo kwanza limeanza.

Mwalimu Eliud, mlezi wa klabu yetu ya vitabu, ametangaza jambo. Redio moja ya hapa Gitega imetupa nusu saa kila mwezi. Kazi: mazungumzo na waandishi wa vitabu vya mambo ya kweli. Historia, siasa, biashara, mila. Hadithi za kubuni hapana. Mwanafunzi mmoja atakaa kwenye kiti cha mtangazaji mwaka mzima. Anayekitaka alete mazungumzo aliyoyarekodi mwenyewe na mwandishi aliye hai. Ijumaa ya juma lijalo tutasikiliza sote, kisha kura.

Nakitaka kile kiti. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Nimesoma kabati zima la klabu, vitabu arobaini na vitatu, pamoja na kile cha ufugaji wa nyuki kilichong'oka kurasa za mwisho. Mpaka leo sijui nyuki waliishia wapi.

Tatizo: siwezi kuongea na watu. Mwaka jana kanisani nilipewa matangazo nisome. Nikasema "Ndugu." Nikaketi.

Prosper naye ameinua mkono. Prosper hajamaliza kitabu tangu nimjue, ila ana mjomba aliyeandika kimoja juu ya biashara ya kahawa. Na mdomo anao. Wakati tunatoka alinipita mlangoni. "Bon, Kasilda, we utaongea na vitabu. Mi nitaongea na watu."

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Ndiyo shida yangu.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata mwandishi! Mzee Abdulhussein, mwenye duka la vitenge kule Muyinga. Ameandika kitabu juu ya maduka ya mji wake: nani aliuza chumvi, nani aliuza nguo, serikali zipi zilipita mbele ya kaunta na zilinunua nini. Nimekisoma mara nne. Namba ya simu ya duka iko nyuma ya jalada. Sikupiga, bila shaka. Niliandika ujumbe. Nilianza saa nane, nikautuma saa kumi na moja. Akajibu neno moja: "Njoo."

Mpango ni huu. Nitaandika maswali arobaini, marefu, yaliyokamilika, ili nikifika nisome tu. Msomaji haogopi watu. Anaangalia karatasi.

Swali la kwanza limechukua ukurasa mzima. Nimeridhika nalo. Linaanza hivi: "Tukizingatia kwamba."

Jumatano, 5 Februari

Leo ni Siku ya Umoja, hakuna shule. Baba kagundua safari yangu. Nilitegemea akatae. Badala yake akauliza nitabeba nini.

Nikamwambia daftari na simu yake. Akanitazama kama nimesema nitakwenda bila viatu. Akasema mtu haendi kumwomba mzee maneno mikono mitupu. Ukienda kuomba shamba, unabeba pombe. Ukienda kuposa, unabeba pombe. Na maneno je, si kitu cha kuombwa?

Baba alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Mila za Burundi alizipata kwa kusimuliwa na babu, jioni baada ya jioni, na aliporudi akazishika kuliko watu ambao hawakutoka hata siku moja. Majirani zetu hapa Musinzira siku hizi wanapeleka soda. Baba soda haitambui.

Nilitaka kubishana. Halafu akanieleza sehemu ya pili ya mila, nikaacha. Mwenye kuleta pombe haanzi kuongea. Anaiweka chini, anakaa. Ni mwenye nyumba anayeuliza: hii imekuja na neno gani?

Yaani dumu linaongea badala yangu!

Kwa nini hakuna aliyeniambia hili miaka kumi na sita yote? Baba ameagiza urwarwa kwa rafiki yake wa kule Gishubi, pombe ya ndizi safi kabisa, dumu la lita kumi.

Ijumaa, 7 Februari

Prosper amesharekodi. Alitusikilizisha wakati wa mapumziko bila kuombwa. Dakika ishirini na mbili. Prosper anaeleza kahawa, anaeleza bei ya kahawa, anaeleza ndoto zake. Mjomba anakubali tu kwa Kifaransa, "voilà" mara sita na "exactement" mara mbili. Mwishoni Prosper anamshukuru mjomba kwa mchango wake.

Watu walipiga makofi. Nilirudi nyumbani na kichwa kinauma.

Maswali yamefika arobaini. Dumu limefika. Limekaa kando ya kitanda changu na linanong'ona.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika nikiwa nimerudi, nimeoga mara mbili. Bado nanuka.

Petroli hakuna, kwa hiyo Probox, gari la abiria, ilisubiri hadi saa nne. Kwenye buti palikuwa na kuku wa watu, dumu nikalipakata mapajani, begi la daftari chini yake. Jua kali njia nzima. Kifuniko kilikuwa kimeanza kuvimba. Niliona ni dalili ya pombe nzuri.

Duka nililiona upesi. Yasmina, mkwe wa mzee, alinikaribisha vizuri. Akasema mzee yuko njiani, nikae. Nikaliweka dumu chini, nikakaa kando yake kwenye robota la vitenge, kama mila inavyotaka. Nikasubiri kuulizwa.

Nikaangalia ukutani. Picha ya Makka. Kalenda ya msikiti. Adhana ikaanza nje, adhuhuri, karibu sana.

Nimekisoma kile kitabu mara nne. Sura ya sita yote ni ya swala na futari dukani. Nilipigia mistari kwa penseli! Kisha nikakaa garini muda wa saa mbili kumletea Mwislamu lita kumi za pombe.

Nikafikiri haraka, jambo ambalo huwa linaniharibia. Nikalisukuma dumu kwa mguu, polepole, nyuma ya robota. Lilikuwa limekunywa jua la njia nzima ya Karuzi. Likasema "fyuu." Halafu kifuniko kikaruka kikagonga dari.

Sitaeleza yote. Povu lilifika kwenye rafu ya pili. Mama mmoja aliyekuwa anachagua kitenge akasema eti leo Abdulhussein anafunga harusi. Yasmina alikuwa amejifunika mdomo na ncha ya mtandio, mabega yanatikisika. Sikujua kama ni hasira. Sasa naamini alikuwa anacheka.

Mzee akaingia. Mdogo, mkavu, kofia nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Akasimama mlangoni. Akanusa. Nikasimama nikasema "Shikamoo" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Marahaba," akasema. Akaliangalia dumu, akaniangalia mimi, akakaa kwenye kigoda chake taratibu. "Haya. Na hii imekuja na neno gani?"

Aliijua mila! Nilitaka kulia. Akaeleza kwamba majirani wamemletea madumu miaka hamsini na hajawahi kumrudisha mtu. Yeye pombe hainywi, haiuzi, na ndani haikai. Kuna benchi nje kwa wanaoinywa, tangu enzi za baba yake. Akamwomba Yasmina awaite watu wa baiskeli wanaobeba mizigo, wakaichukua iliyobaki kwa heshima zote. Benchi limo katika sura ya tisa. Nililipigia mistari pia.

Nikawasha simu irekodi. Nikatoa daftari kwenye begi lililolowa. Maswali yangu arobaini yalikuwa yamelewa. Wino wote umetembea, kurasa zimegandana, zambarau tupu. Lilisalia moja tu, la kumi na saba: "Je, unakubaliana na wewe mwenyewe?"

Nikalifunga. Yeye akangoja. Chai ikaja.

Mwishowe akasema ile shikamoo yangu imetoka Tanzania, haikutoka Gitega. Nikasema ndiyo. Akauliza nani alipika pombe. Nikajibu. Akauliza kwa nini mtu wa mjini bado anatuma dumu wakati wenzake wanatuma soda. Hilo nalo nikalijibu. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Ilikuwa rahisi sana. Nilirudi Gitega nikijua nimeshinda.

Jumapili, 9 Februari

Nimesikiliza rekodi baada ya ibada.

Dakika arobaini na moja. Mzee anauliza maswali kumi na saba, mafupi kama vidole. Anayejibu ni mimi.

Mimi! Nasimulia nilivyorudi Burundi nikiwa na miaka minne, kama mtu anaweza kurudi mahali ambapo hajawahi kufika. Nasimulia Baba alivyokwenda Bukirasazi kwenye kilima cha babu, na mtungi kichwani, kuomba ardhi ya kwao. Watu walimpokea. Wakanywa, wakaisifu. Kisha wakamwonyesha nyumba nne zilizojengwa pale na watoto waliozaliwa humo. Baba akashukuru, akarudi na mtungi mtupu. Hakushtaki. Analima mashamba ya watu Gishubi. Na kila mwaka, baada ya mavuno, anapeleka tena mtungi kwenye zile nyumba nne. Haombi kitu. Anauweka chini, anakaa, ananyamaza.

Mzee anauliza: "Wakimuuliza umekuja na neno gani, anasemaje?"

Nasikika nikisema, "Hawamuulizi tena. Nadhani anataka wakumbuke kwamba bado analo."

Kikombe kinawekwa chini. Halafu mzee: "Hilo liandike wewe, mwanangu. Mimi nitalikosea."

Balaa tupu. Hakuna hata sekunde moja ya historia ya biashara.

Jumanne, 11 Februari

Mpango mpya. Nitakata rekodi kwa simu, nirekodi maswali yangu upya, niyapachike mbele ya sauti ya mzee. Hakuna atakayejua.

Nimefanya kazi saa tatu. Matokeo: mimi nauliza, "Nini wajibu wa mfanyabiashara katika siasa za nchi?" Mzee anajibu, "Na mama yako alisemaje?"

Nimeacha. Macho yananiuma. Itaenda ilivyo.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya kura. Wanachama ishirini na wanne, hakuna aliyekosa, maana rekodi ya Prosper ilikuwa imesifika.

Yake ikatangulia. Makofi. Kisha yangu. Niliweka kichwa juu ya dawati nikahesabu mistari ya mbao. Nilitegemea vicheko kwenye lile "fyuu", kwa sababu Mwalimu Eliud alitaka nieleze kwanza ilivyokuwa, na nikaeleza kwa sentensi mbili. Walicheka. Halafu hawakucheka tena. Ilipofika mtungi wa Bukirasazi hata walioketi dirishani walikuwa wametulia. Mwalimu Eliud alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua.

Ilipokwisha, Prosper aligeuka. Hakutabasamu. "Kasilda, mi sikujua ile mambo ya baba yako. Pole, kweli."

Nikasema asante kwa mchango wako.

Kura zikahesabiwa ubaoni. Prosper, tano. Mimi, mbili. Mzee Abdulhussein wa Muyinga, kumi na saba.

Mwalimu Eliud akatukumbusha kwamba yule mzee si mwanafunzi wa shule hii. Sauti ikatoka nyuma kwamba aandikishwe. Wengine wakasema mtangazaji ni yule, anajua kuuliza na anajua kungoja, na kwamba mgeni wake pia alikuwa mzuri. Mgeni! Mwishowe kiti amepewa Prosper, kwa kuwa wa pili. Mimi niandike maswali, yeye asome.

Zile kura zangu mbili: moja niliipiga mwenyewe. Nyingine niliiona ilipofunguliwa. Mwandiko ni wa Prosper. Sitaki kulifikiria hilo leo.

Baba aliniuliza jambo moja tu, kama ile pombe ilinywewa. Nikasema ilinywewa yote. Hakuuliza nani aliinywa. Akala chakula chake kwa furaha.

Jumapili, 16 Februari

Nimepumzika, nimetafakari, nimeona makosa yangu yote. Ni mawili. Kifuniko kilibanwa mno. Na wino hauvumilii unyevu.

Mwalimu Eliud anasema mwisho wa muhula kutakuwa na kura ya naibu mtangazaji. Safari hii sibahatishi. Nimempata Mchungaji Martha wa Gishubi, mwandishi wa kitabu kikali juu ya namna pombe inavyobomoa nyumba za wakulima. Nimekisoma mara tano. Nitaandika maswali sitini, kwa penseli. Baba amefurahi mno, ameagiza madumu mawili. Vifuniko nitavilegeza mimi mwenyewe.

Leo dereva wa Probox ameniletea kifurushi kutoka Muyinga. Kimefungwa kwa kipande cha kitenge chenye doa la zambarau. Ndani, daftari jipya, jalada gumu, kurasa mia mbili, zote tupu. Kwenye ukurasa wa kwanza tu mzee ameandika kwa mkono wake: "Baba yako alibeba neno gani?"

Mtu mwema kweli. Amejua daftari langu liliharibika, na amenipa na swali la mfano. Nimelipa namba. Ni la sitini na moja. Nitamuuliza Mchungaji Martha.