Robo ya Kichwa cha Mwalimu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Balaa! Binti yangu kapata mbili kati ya kumi kwenye hesabu za sehemu. Mtihani Ijumaa. Shemeji, kaka wa mke wangu, karani asiyekosekana penye aibu yangu, alikuwepo barua ya mwalimu ilipofunguliwa. Akasema mtoto akifeli tena, likizo yote akakae kwake asomeshwe. Mke wangu akakubali! Likizo nzima! Nani atakaa pembeni saluni anicheke? Nyumba itapooza. Nimeapa kumfundisha mwenyewe. Hesabu gani itamshinda kinyozi wa miaka kumi na saba kazini?

Jumanne, tarehe 5
Nimegundua tatizo. Waliulizwa ipi kubwa, theluthi au robo. Binti akajibu robo, mwalimu akamwekea kosa kwa wino mwekundu. Robo si ya nne? Theluthi si ya tatu? Nikatoa vile vitana vya mashine ya kunyolea: namba nne huacha nywele nyingi, namba tatu chache, namba moja karibu na upara. Mtoto kakulia saluni, anajua. Tatizo ni mwalimu!

Nimemwandikia kwa heshima aje anyolewe bure. Akishafungwa shuka shingoni, tutaelewana.

Binti nimemkaririsha mara arobaini: robo kubwa. Akauliza mbona mkate ukigawiwa watu wanne vipande huwa vidogo. Nikamwambia mkate si hesabu.

Jumatano, tarehe 6
Fundi viatu wa jirani alisinzia kitini. Bahati! Nikamnyoa theluthi kwa namba tatu, robo kwa namba nne, binti aone kwa macho. Iliyobaki sikujua ni ngapi, nikaiacha. Fundi akaamka, akajiona kwenye kioo. Aliyoyasema siyaandiki. Kahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Shemeji alikuwa anapita. Akatabasamu, akasema kinyozi hajinyoi. Nilimjibu vikali sana, moyoni.

Alhamisi, tarehe 7
Mwalimu kaja! Kichwa kikubwa, nywele za wiki sita. Nikamfunga shuka, nikamweleza kosa lake taratibu, kitana kimoja baada ya kingine. Akainama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua anajuta, nikamshika bega kumfariji. Kumbe anacheka!

Akamwita binti, akampa kopo langu la poda. Akamwambia akigawe kichwa chake yeye mwalimu mafungu matatu sawa, kisha akifute, akigawe manne. Binti akachora mistari, akapima fungu kwa kiganja, akapima tena. Mara akaruka juu! Akasema kumbe mafungu yakizidi, kila moja linapungua. Mwalimu akapiga makofi, poda ikatimka. Halafu binti akanitazama kwa huruma. Sikuipenda ile huruma.

Poda imekwisha. Mtoto kavurugwa kabisa, na mtihani ni kesho. Nilipomwona anafagia nywele huku anaimba, machozi yalinilenga. Nilisingizia poda.

Jumatatu, tarehe 11
TISA KATI YA KUMI! Nimembeba mabegani mpaka kwa kinyozi wa ng'ambo na kurudi, ajue. Haendi kwa mtu! Shemeji kaaga bila kumaliza chai. Chai nimeimalizia mimi.

Binti kaninong'oneza kwamba lile moja alilokosa alijua jibu lake. Aliandika robo kubwa kwa makusudi, ili nisijione mnyonge. Nikamkumbatia muda mrefu. Mtoto mwenye adabu! Na sasa ushahidi uko wazi: swali ambalo aliniamini ndilo mwalimu aliloling'ang'ania kulikosoa. Wivu tu.

Somo linalofuata ni desimali. Nimechungulia kitabu chake. Sifuri nukta tano, sifuri nukta saba, sifuri nukta tisa. Kumbe rahisi hivi! Kwenye mashine, sifuri ni upara. Basi zote ni upara, hakuna cha kubishana. Nimemwita fundi viatu aje tupatane. Nimemwambia safari hii nina uhakika.