Kila Mzee Ana Wake

Asubuhi ile tulipokuwa tukitangaza kwamba mji wetu wa Tlemcen hauna tena mzee asiye na mtunzaji, aliingia ofisini bibi mmoja ambaye hakuna aliyemjua, akaomba kitanda.

Idara yetu ya wazee ilikuwa imefanya kazi kubwa. Waraka Namba 14, ulioandikwa na Mkurugenzi Benosmane mwenyewe kwa miezi kumi na minane, uliamua kwamba mzee mwenye ndugu yeyote, wa damu, wa ndoa au wa kunyonya, ametunzwa tayari. Basi tukawarudisha kwao wakaaji wote arobaini wa Nyumba ya Wazee. Vitanda vikabaki safi ajabu. Mimi, mwenye shahada na mkataba wa majaribio, nilijivunia sana.

"Jina, bibi?"

"Lalla Zhor. Sina mume, sina mtoto. Wote wametangulia."

"Fikiri vizuri, bibi. Waraka haukubali kwamba huna mtu."

Alinitazama kama anayetazama sufuria iliyoungua.

"Yupo mmoja wa kunyonya. Lakini niahidi, mwanangu: nikimtaja utamwandika, na hutamfuta."

Niliahidi. Ahadi ilikuwa ndogo, na wino ni wa serikali.

"Anwar Benosmane. Mama yake alishikwa na homa, nikamnyonyesha miezi sita. Alikuwa aking'ata."

Mlango wa Mkurugenzi ulifunguka.

"Bibi huyu apewe kitanda leo."

"Haiwezekani, Mkurugenzi," nikasema kwa heshima. "Ana ndugu. Waraka unampa siku saba kuhamia kwako."

"Kwangu kuna ngazi nyingi."

"Nitapanda polepole," akasema Lalla Zhor. "Sina haraka."

Waraka ulifutwa kwa dakika nane. Kufikia alasiri wazee walikuwa wanarudi, wakigombania vitanda vya dirishani.

"Sasa lifute jina langu," Mkurugenzi akaninong'oneza. "Mkataba wako unaisha Alhamisi, kijana. Utumie akili."

Fomu ya kitanda ina mstari wa ndugu atakayemtembelea mkaaji kila Ijumaa. Asiyefika, jina lake hubandikwa mlangoni; kanuni hiyo nayo aliitunga Mkurugenzi. Nililiacha jina lake hapo, nikagonga mhuri.

Alhamisi niliurudisha mhuri huo. Ijumaa, nikiwa sina kazi, nilimpelekea bibi kahawa, nikakuta kiti cha mgeni kimekaliwa. Mkurugenzi alikuwa ameshika biskuti, suti imejaa chembe zake.

"Taratibu, Anwar," Lalla Zhor alikuwa akimwambia. "Bado unang'ata."