Rododendroni ya Kathonzweni

Jumatatu, 6 Oktoba

Jana majani kumi na manane. Leo kumi na manne. Zimebaki siku tano!

Wa kulaumiwa ni Githaiga, baba ya kijana anayetaka kumwoa Wavinya wangu. Tulipowatembelea kwao Kinangop, milimani kwenye baridi, alinionyesha mti wake wa rododendroni, mrefu kupita nyumba, maua mekundu tele. Akasema, kwa huruma, kwamba kwetu Ukambani mti huo hauwezi kukaa. Huruma! Nikamwambia ninao na unachanua. Sikuwa nao. Nilinunua mche njiani nikirudi. Unanifika gotini.

Jumamosi anakuja na mbuzi wa ntheo, wale wa kumfunga binti uchumba. Akigundua nilidanganya kuhusu mti, ataniamini kuhusu binti?

Jumanne, 7 Oktoba

Simu inasema mti huu unataka udongo mchachu. Nimekamua malimau ndoo nzima. Mke wangu Kavata akauliza ya kachumbari yako wapi. Nikamwambia uchumba kwanza, kachumbari baadaye. Hakucheka.

Jirani Kitheka, mtu wa mdomo, akaegemea seng'enge akauliza kama napanda mti au natengeneza achari. Nyoo!

Alhamisi, 9 Oktoba

Joto la kukaanga yai. Simu inasema mti unataka baridi. Nimeomba barafu kwa Mumbua, mama wa samaki. Nikaimwaga shinani, nikaufunika mti kwa mwavuli wa Kavata wa kanisani.

Barafu ilinuka samaki. Paka saba! Wamechimba hadi mizizi. Majani tisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mwenye akili hakosi njia. Nimechuma bogenvilia nyekundu ya Kitheka, nikaifunga kwenye matawi kwa uzi. Maua thelathini, majani tisa. Nimeutazama kutoka barabarani. Kinangop tupu!

Jumamosi, 11 Oktoba

Woi, woi, woi.

Wageni walifika saa nne. Nikaagiza mbuzi wao watatu wafungwe karibu na mti, ili picha itoke vizuri. Tukaingia kunywa chai. Tulipotoka, majani yote yameliwa, matatu kila mbuzi. Bogenvilia hawakugusa. Mbuzi wanatapika na kuyumba kama walevi.

Githaiga akashika kichwa. Akasema kwao hata mtoto anajua majani hayo ni sumu, na mtu mwenye mti wake angejua. Wazee wa ukoo wakasema mbuzi mgonjwa hachinjiwi ntheo, wakaanza kutafuta kofia zao. Wavinya akalia. Haki, moyo ulinikatika.

Nani akaruka seng'enge? Kitheka. Akatoa mbuzi wake watatu wazima, akachukua wale wagonjwa. Ntheo ikaliwa, binti yangu akachumbiwa. Kitheka akaketishwa karibu na Githaiga, akala figo. Figo ya baba wa binti, figo yangu! Kisha akauliza, mbele ya watu, bogenvilia yake imefikaje pale.

Jumapili, 12 Oktoba

Wale mbuzi wamepona. Wanono, wa Kinangop, na sasa ni wa Kitheka. Kanisani alinipungia mkono.

Kavata amesema ning'oe kile kijiti kabla hajaning'oa mimi. Lakini nimekikwangua kwa ukucha, na ndani kuna kijani! Kumbe shida ni kwamba barafu haikutosha.

Nimempigia Githaiga. Nimemwahidi kwamba kwenye harusi, Agosti ijayo, wageni wote mia tatu wataketi chini ya kivuli cha mti wangu.