Hirizi Kwenye Mkungu wa Jacob

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mvua. Mafua. Kikohozi. Upepo wa jana umelaza migomba yangu yote. Ya jirani yangu Jacob imesimama wima, hata jani halijachanika. Bahati tu, bila shaka! Na Jumapili usharika unachagua mzee wa kanisa. Wagombea wawili: mimi na yeye. Mke wangu Atupele anasema nakohoa kwa sababu nalala na soksi zilizolowa. Daktari wetu huyo.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda Masukulu kwa mganga, kimyakimya. Njiani nimekutana na nusu ya kwaya. Nimesema nafuata mbegu za viazi. Mganga amethibitisha kwamba kuna mtu ananichezea. Hakumjua, ila nilipomtajia Jacob mara tatu, akakubali. Amenipa hirizi ya kiunoni, niishonee kitambaa cha nyumbani kwangu. Nimekata upindo wa sare ya kwaya ya Atupele. Kipande kidogo. Hataona.

Alhamisi, 7 Machi

Hirizi imelowa. Inanuka, na kiuno kinawasha. Kikohozi kiko palepale. Kwenye maombi mchungaji amewakemea wanaojifunga vitu mwilini. Nimeitikia amina kuliko wote.

Hapohapo nikapata wazo. Hirizi hiihii ikikutwa kwa Jacob? Mkewe, Hellen, yuko kwaya moja na Atupele. Sare moja! Wakati mwingine akili yangu naiogopa mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Jacob amekata mkungu mkubwa kwa ajili ya mnada wa sadaka kesho, ameuegemeza nje ya jiko lao. Nimekwenda kuazima jembe. Hellen alipoingia ndani kulitafuta, nimeisukumiza hirizi katikati ya chane. Kesho, baada ya ibada, mnadishaji atainua mkungu, atataja jina la mtoaji kama kawaida, na kitu kitadondoka.

Jacob amenisindikiza mpaka njiani, akanipa pole ya migomba. Mnafiki! Nimemshukuru, ndaga fijo, huku nacheka moyoni. Nimerudi na jembe nisilolihitaji.

Jumapili, 10 Machi

Sina nguvu za kuandika.

Mnada ulianza vizuri. Vicent, mnadishaji wetu, akauinua mkungu wa Jacob. Mimi nimeshaandaa uso wa mshangao. Akatangaza: "Mkungu huu umetolewa na ndugu yetu Andongwisye."

Mimi! Jacob akaninong'oneza kwamba amenitolea kwa jina langu. Upepo umenimalizia migomba, hakutaka nionekane mikono mitupu siku ya kura. Hapohapo hirizi ikadondoka kwenye viatu vya mchungaji.

Nikapaza sauti kwamba mkungu ni wa Jacob. Washarika wakaguna: mtu kasaidiwa, bado anamsukumia mwenzake mzigo. Nikawaonyesha kitambaa, nikasema waangalie sare ya Hellen. Hellen akageuza upindo wake. Mzima. Wanakwaya wote wakageuza. Atupele alikuwa wa mwisho. Hakunitazama, na hapo niliumia kweli.

Kura zikafuata. Jacob ni mzee wa kanisa. Mimi nimetengwa na meza ya Bwana mpaka nitubu, na nafasi yangu ni benchi la nyuma, penye mlango unaovuja.

Nyumbani Atupele amesema neno moja tu, akiwa anafunga mzigo wa kwenda kwa dada yake kule Kinyala: "Ungeniomba, ningekupa gauni bovu."

Jumatatu, 11 Machi

Nyumba kimya. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona waziwazi. Nakiri.

Hirizi ilikaa kwa Jacob siku moja tu. Siku moja! Amepata cheo, amepata sifa, na jana hakupiga hata chafya. Kumbe inafanya kazi! Niliivua mapema mno.

Kesho Masukulu. Safari hii nitaomba mbili. Kitambaa si tatizo: Atupele ameiacha sare nzima kwenye msumari.