Gari la Sista

Jumatatu, 13 Aprili

Niandike wazi, maana shajara haina wivu: mimi Wandera nimezaliwa na bahati ya magari. Wengine wana bahati ya wanawake, wengine ya kura. Mimi magari. Sedani yangu nyeupe ilikuwa ya sista mmoja mzee wa Kitaliano, akiiendesha Jumapili tu, kwenda kanisani na kurudi. Wahabi, dalali aliyeniuzia, aliapa mbele yangu. Rozari ya sista bado inaning'inia kwenye kioo. Nimefika Juba mara mbili, na hata huko sijaona gari lenye maisha safi hivi.

Leo Mumbere kaja dukani kwangu Nsambya, ninapouza magodoro. Mumbere ni Mkongo wa Butembo, muuza vitenge. Alipofika Kampala hana pa kulala, alilala juu ya bidhaa yangu msimu mzima, na sikumdai hata asante. Jumamosi ni kwanjula yake. Anakwenda Mukono kutambulishwa kwa wazee wa msichana, Waganda wa msimamo. Walishaahirisha mara moja. Safari hii baba mkwe amesema geti linafungwa saa nne asubuhi, na atakayelikuta limefungwa akatafute mke kwingine.

Mumbere akaniuliza, kwa aibu, kama namjua mtu mwenye gari la kumbeba. Nikamwambia kaka, hesabu umeshapanda.

Pitshou, binamu yake, alikuwa amesimama mlangoni. Ana gari jeusi, na analitaja kama watu wanavyotaja mtoto aliyeko Ulaya. Akacheka kwa pua. Vieux, akasema, yaani mzee kwa Kifaransa chao, ile gari yako inakohoa. Nikamjibu masista hawakohoi.

Jumanne, 14 Aprili

Gari limekataa kuwaka. Tik, tik, basi. Sielewi. Jana liliwaka.

Rosebella, mke wangu, alikuwa anaanua nguo. Akasema bila kugeuka: Baba Moreen, ni betri, imekufa tangu Pasaka. Nikamweleza kwamba magari ya watawa huwa yanatafakari asubuhi. Akasema basi litafakari nje ya njia, anataka kupita na beseni.

Nimepata dawa. Kuanzia leo naegesha juu kabisa ya mlima, pua ikitazama bondeni. Asubuhi naachia breki, linateremka lenyewe, naingiza gia ya pili, linaruka kidogo, linawaka. Betri ya nini? Mlinzi wa jirani ameniuliza kwa nini naegesha mbali na nyumba yangu. Nikamwambia ni kwa ajili ya hewa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kuna jambo lingine linanichanganya. Barabarani watu wananiachia nafasi. Bodaboda, ambao hawamwachii nafasi hata mgonjwa, wanapunguza mwendo nyuma yangu. Na leo wawili wamenipungia mkono na kuniita mwalimu. Niliishia kidato cha pili, lakini naona sura imeendelea kusoma.

Jumatano, 15 Aprili

Harufu. Kama mtu anachoma malapa.

Nilikuwa napeleka godoro kwa mteja Mbuya. Kwenye mlima injini ikapiga kelele kama ndege inayoondoka, na gari likatembea kama linafuata jeneza. Mama mwenye kikapu cha parachichi akanipita. Akanipa pole.

Nikaenda kwa Faustino, makanika mwenye gereji nyuma ya soko la Kalerwe, kati ya matope na mikungu ya matoke. Faustino hutengeneza gari kwanza kwa mdomo. Akakanyaga, akanusa, akasimulia habari za gari la shemeji yake, akanusa tena. Halafu akasema klachi imekwisha, imelika kama soli ya askari wa doria. Kisha akakunja uso. Akasema huyu sista wako alikuwa na miguu mingapi? Klachi ya Jumapili hailiki hivi, hii imekanyagwa na kijiji.

Nikamwambia sista alikuwa mzito.

Akataka nimwachie gari mpaka wiki ijayo. Hapo nikaona picha yote: Mumbere anashuka kutoka gari jeusi, Pitshou anamfungulia mlango, mimi niko nyuma kwenye basi dogo na wajomba wa bwana harusi. Haiwezekani. Nikanunua manukato ya gari, yale ya limau, nikayatundika kila mahali panapotundikika. Harufu imekwisha. Kwa hiyo klachi imepona.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Mumbere kaja tufanye mazoezi ya safari. Nilimkalisha mbele, upande wa abiria, ili Mukono wamwone vizuri. Amevaa viatu vipya vya ngozi, anavizoesha.

Tulipopita kwenye dimbwi, maji yakaruka kutoka chini ya miguu yake. Ndani ya gari. Yakamfika magotini. Tukasimama, tukainua zulia. Kuna mashimo mawili ya duara, yametobolewa na fundi mwenye akili timamu, na kando yake kipande cha chuma kimechomelewa. Upande wa abiria!

Tulikaa tukiyatazama kama watu waliofukua kitu shambani. Mumbere akauliza ni ya nini. Nikafikiri kwa haraka. Nikamwambia sista alifunga hapo kibao cha kupigia magoti, maana alipenda kusali safarini. Akauliza dereva anapigaje magoti upande ambao si wa usukani. Nikamwambia hataelewa, haya ni mambo ya Kikatoliki. Akasema yeye ni Mkatoliki.

Nimeziba mashimo kwa sponji ya godoro, daraja la kwanza.

Jioni nikaliosha. Jua likatoka, na hapo nikaona kitu kingine. Kwenye buti, chini ya rangi nyeupe, kuna kivuli chekundu cha herufi kubwa: L. Ukisimama upande unaiona. Ukisimama mbele ya gari huioni. Nimeamua kusimama mbele. Nadhani sista aliitwa Lucia.

Ijumaa, 17 Aprili

Pitshou kaja na maneno ya asali. Ati vieux, wewe ni mtu mkubwa, beba zawadi, Mumbere nitambeba mimi. Nikauona mtego ukiwa bado njiani.

Nikawaita wajomba, nikasimama, nikalisifu gari jeusi mpaka Pitshou mwenyewe akaona haya. Nikasema wazee, kwenye kwanjula heshima ni zawadi. Bwana harusi ana miguu, zawadi hazina. Gari zuri kuliko yote lipewe heshima. Wajomba wakaitika kwa vichwa vyote. Sasa gari jeusi limejaa vikapu mpaka kwenye paa, na kiti cha mbele amekaa jogoo wa kumpa kaka wa bibi harusi, jogoo ambaye bila yeye shughuli haikamiliki. Ameshachafua kiti. Pitshou alinitazama akasema vieux, wewe ulipaswa kuwa waziri.

Usiku Mumbere alibaki nyuma kidogo. Akaniuliza polepole: Kaka, tutafika? Nikamshika bega. Nikamwambia tusipofika, mimi siitwi Wandera.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika na tope bado liko kwenye kucha.

Asubuhi nililiachia mlimani mbele ya wajomba wote, wamevaa kanzu nyeupe na koti juu. Likateremka kimya, likaruka, likawaka. Wakapiga makofi. Walidhani ni mtindo wangu. Pitshou alishatangulia na jogoo. Sisi nyuma: mimi, Mumbere, Rosebella, na basi dogo la wajomba likitufuata. Barabara ya Jinja tulienda vizuri. Tuliingia Mukono muda ukiwa unatosha hata kwa soda.

Kumbe nyumba ya wakwe iko juu ya kilima. Njia ni moja, ya udongo mwekundu, nyembamba, imelowa mvua ya usiku. Nikatia gia ya kwanza. Injini ikanguruma, limau ikashindwa, harufu ikajaa. Gari likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Basi dogo halikuweza kupita. Tumeziba njia. Rosebella akasema tutembee, miguu ipo. Nikasema bwana harusi hafiki kwa wakwe kwa miguu na mimi niko hai. Mumbere akatazama matope, akatazama viatu, akatazama saa. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikaamuru wajomba wasukume. Wakasukuma, wazee wa watu. Tairi zikawarushia tope, kanzu zikageuka rangi ya barabara, mjomba mmoja akapoteza kiatu. Gari halikusogea. Kule juu, mtu akaanza kulisukuma geti.

Ndipo akateremka mama mmoja aliyevaa gomesi ya zambarau, mabega yake yamesimama kama milima miwili. Rosebella akanong'ona: huyo ndiye ssenga. Ssenga ni shangazi wa bibi harusi. Neno lake ndilo ndoa. Nikajiandaa kuomba radhi kwa lugha tatu.

Hakunitazama. Alilitazama gari. Akazunguka nyuma, akapapasa buti. Akafungua mlango wa Mumbere, akamwambia kijana, nyanyua miguu, lakini macho akayageuza pembeni, maana hatakiwi kumwona kabla ya wakati. Akainua zulia. Akachomoa sponji yangu.

"Ni lenyewe," akasema. "Mimi nimejifunzia hili. Hapa ndipo palikuwa na breki ya mwalimu. Alikuwa anaikanyaga mpaka anatoka jasho."

Nikamwambia kwa adabu, nnyabo, mama yangu, umelifananisha, hili lilikuwa la sista.

"Sista alikuwa anafundisha udereva?"

Wajomba wakacheka, wale waliobaki na pumzi. Ssenga akaniambia ssebo, bwana, shuka. Hili gari, akasema, halijawahi kupanda mlima kwa uso. Tangu enzi zetu linapanda kwa rivasi.

Basi dogo likarudi chini kwanza, tukaliacha gari lirudi hadi kwenye geti la jirani, tukaligeuza. Ssenga akapanda, akapandisha gomesi juu ya magoti, akashika usukani. Nilikaa nyuma na mke wangu kama abiria. Na gari likapanda kinyumenyume, likinuka, likilia, matako mbele, wajomba wakilifuata kwa miguu kama msafara wa mfalme aliyekasirika. Yule wa geti aliliacha wazi. Nani amfungie ssenga?

Jua likapiga buti. L nzima ikasomeka mbele ya ukoo wote. Pitshou alikuwa uani, amemkumbatia jogoo, mdomo wazi.

Baadaye ukafika wakati wa ssenga kupita katikati ya wageni akimtafuta bwana harusi, kama asiyemjua. Alipita na uso mkavu kabisa, tope kwenye pindo, akimkagua kila kijana, ilhali asubuhi ileile alikuwa dereva wake. Alipofika kwa Mumbere akasimama, akamvika ua. Mumbere akalia. Mimi pia, lakini mimi ni moshi.

Jumapili, 19 Aprili

Tumerudi kwa basi la wajomba. Gari limebaki Mukono. Ssenga alikuwa analizunguka, analipapasa, anasema linamrudisha usichana. Nikaona macho yake. Nikampa. Nikasema ni zawadi kutoka upande wa bwana harusi. Vigelegele vilipigwa mpaka jogoo akajibu. Rosebella hakupiga.

Leo nikampigia Wahabi simu ili nimtukane. Alinisikiliza mpaka mwisho, muungwana. Akasema na yeye alidanganywa, inamuuma kuliko mimi. Kisha akashusha sauti. Ana sedani nyingine, imeingia juzi, hajamwonyesha mtu. Ya askofu mstaafu. Aliiendesha Krismasi tu. Kitabu chake cha sala bado kimo kwenye droo. Ina mashimo machache ya skrubu juu ya paa, lakini askofu alipenda hewa.

Rosebella alikuwa anasikiliza. Akasema Baba Moreen, mashimo ya juu ya paa ni ya spika za matangazo. Nikamwambia hajui maaskofu. Kesho naenda kuiona, mapema, kabla Pitshou hajasikia.

Na kwa kuwa shajara haina wivu, nimalize vizuri. Niliyoandika Jumatatu ni uongo. Sina bahati ya magari, na sista hajawahi kuwepo. Lakini askofu ni habari nyingine.