Siku Saba Magofuni

Jumapili, 6 Juni

Safari imeanza. Sijatoka chumbani.

Hali ni hii. Mke wangu ana wiki tatu kwa dada yake. Alisema amechoka kuishi na mtu anayejaza gazeti la wastaafu kwa habari za safari na hajawahi kuvuka kituo cha pili cha basi. Miaka thelathini namwahidi kumpeleka kwenye magofu ya kale, na kila mwaka nasema tungoje kwanza nyanya ziive. Uongo mtupu! Basi linanitapisha. Lakini mwanamume mzima atasemaje hivyo?

Basi nimewatangazia wote kwamba nakwenda magofuni peke yangu, siku saba. Nimetoka na sanduku mchana kweupe, nikazunguka mtaa, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Mapazia yamefungwa. Nina mkate, mayai na kitabu cha historia. Nitaandika makala ya kuwaliza watu. Mke atasoma, atarudi. Akili hiyo!

Jumatatu, 7 Juni

Ufunguo wa lango sikumwachia jirani. Makusudi. Ni seremala mstaafu, namwita Bwana Pole kwa sababu hakuna jambo atakaloambiwa asiseme pole. Bustani yake inaishinda yangu na wala hajisifu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mchana nikachungulia. Jua kali. Mawaridi yangu yamelegea shingo. Na mimi niko magofuni, namwagiliaje?

Jumanne, 8 Juni

Ebo! Bwana Pole karuka ua na ndoo! Kamwagilia kila kitu, kisha kaketi kwenye kiti changu na chai yake, macho kafumba, anasikiliza ndege. Saa nzima! Mimi mwenye kiti sijawahi kukaa hapo dakika kumi bila kuinuka kung'oa gugu. Nilitaka kupiga kelele. Nikauma mto.

Vumbi la mapazia likanipigisha chafya. Akatazama dirisha langu, akasema pole, akaendelea na ndoo yake. Mazoea tu. Mtu yule humwambia pole hata kuku.

Jumatano, 9 Juni

Makala imekwisha. Nimeweka lango la mawe, wafalme wawili, na kisima. Kando ya kisima nimeweka benchi. Kila asubuhi, nimeandika, nakalia upande mmoja na kumwachia mke wangu upande wake. Machozi yalinitoka mwenyewe, nikiwa na soksi moja mguuni na yai mdomoni.

Nikamtumia shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mhariri wa gazeti la wastaafu. Huyu hunikatakata makala kama kitunguu. Leo hakugusa hata nukta! Amesema anawatumia wanachama wote jioni hii hii. Kasalimu amri.

Alhamisi, 10 Juni

Kapiga simu! Mke wangu, si mwingine! Anasema amesoma pale penye benchi mara tatu, akalia. Hakujua nina moyo wa namna hiyo. Nikamjibu kwamba upepo wa magofuni humfungua mtu moyo.

Akasema kama ni hivyo, hakai tena kwa dada yake. Kesho anapanda basi. Nimngoje kwenye lile benchi Jumamosi asubuhi, kisha turudi nyumbani pamoja. Akakata kabla sijafungua mdomo.

Nimepatikana.

Ijumaa, 11 Juni

Nilidamka kwenda kumtangulia. Nikanyonya ndimu mbili, nikakaza mkanda tumboni, nikapanda. Kituo cha kwanza, salama. Cha pili, nikamtapikia abiria wa mbele kwenye kofia. Kondakta akanishusha bila heshima yoyote.

Saa moja baadaye likaja basi jingine. Nikalitazama likipakia watu. Nikalitazama likiondoka. Kinachonichoma ni kwamba mlango ulikuwa wazi muda wote huo na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Niliogopa, basi. Nikarudi kwa miguu, nikaingia kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi, 12 Juni

Asubuhi nikamtumia ujumbe kwamba wanahistoria wameniita ghafla kwenye magofu mengine, mbali zaidi. Akapiga simu. Hakufoka. Heri angefoka.

Alisema mlinzi amemfungulia kitabu cha wageni na jina langu halimo. Benchi hakuna. Kisima hakijawahi kuwepo. Amezunguka magofu yote na mvi zake na gauni lake jipya, akiuliza kila mtu kama amemwona mume wake. Akaogopa nimekufa njiani, akampigia Bwana Pole. Naye alipobanwa akasema nipo nyumbani tangu Jumapili, nina chafya, na alinyamaza kwa kunistahi.

Nikaona hapana pa kujificha tena. Nikamwambia habari ya basi na kutapika.

Akasema kama ningemwambia hilo miaka thelathini iliyopita, tungekwenda kwa treni. Treni inafika hadi pale. Akakata simu.

Jumapili, 13 Juni

Ameandika kwamba anabaki huko wiki moja zaidi, maana mahali ni pazuri, kisha anarudi kwa dada yake. Nisimfuate. Nyumba imekuwa kubwa mno leo. Nimepika chai ya watu wawili kwa kusahau.

Bwana Pole alibisha hodi na bakuli la supu. Akasema pole. Nikamfungia mlango usoni. Fitina tupu mtu yule! Mdomo wake ndio ulioniharibia.

Nimetafakari siku nzima na kosa langu nimeliona: nilichagua mahali penye kitabu cha wageni. Safari ijayo nakwenda jangwani. Huko hakuna lango, hakuna mlinzi, hakuna wa kuulizwa. Aya ya kwanza nimeshaiandika: jua linachomoza juu ya mchanga, nami namkumbuka mke wangu.