Kilio Kilichomaliza Samaki

Jumatatu, 3 Novemba
Tshiala, mke wangu, ameondoka alfajiri kwenda Kinkondja kufuata samaki wengine. Ameniachia vikapu vitatu vya samaki wakavu na onyo moja. Nikiviuza kwa mtandao kabla hajarudi Jumamosi, nabaki Mkurugenzi Kisimba. Nikishindwa, wateja wote wanakwenda kwa mdogo wake Kabedi, nami nakwenda kulima mihogo kwa mama mkwe. Mimi! Mwenye cheti cha kompyuta ukutani!

Huyo Kabedi anauza maharagwe kwa barua pepe. Kwanza anamuuliza mtu kama anataka kuandikiwa. Anaomba ruhusa! Na chini ya kila barua anaweka: ukichoka, niambie, nitaacha. Biashara gani hiyo, kumwonyesha mteja mlango wa kutokea?

Mimi siombi. Parokia ilitutumia barua kuhusu paa la kanisa, anwani za waumini wote zikiwa wazi pale juu. Nimezichukua. Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 4 Novemba
Nimewaandikia wote habari za samaki. Kimya. Mchana nimewaandikia tena, kwa herufi kubwa. Jioni tena. Hatimaye majibu! Wote wanaomba niondoe majina yao. Safi kabisa. Anayejibu ni mtu aliyesoma. Hao nimewatumia mara mbili zaidi.

Kabedi amepita, akasema nawamalizia watu mega za intaneti kwenye simu na kesho watanifuta bila kunisoma. Wivu tu.

Jumatano, 5 Novemba
Wamenifuta bila kunisoma. Lakini nimepata dawa! Hapa Kamina nani atapuuza tangazo la kifo? Hata mgonjwa ataamka ajue ni nani. Basi kichwa cha barua nimeandika: TANGAZO LA KIFO. Ndani nimeeleza kwamba bei za zamani zimekufa, karibuni kwangu nyuma ya stesheni mchukue samaki. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Alhamisi, 6 Novemba
Majibu kama mvua! Tena kila jibu linawafikia wote, kwa sababu nami niliacha anwani wazi. Matangazo ya bure!

Ila kuna tatizo dogo. Wamesoma kichwa tu. Pole, pole, pole sana. Mmoja akauliza nani amekufa. Mama Bokungu, mke wa askari kule Base, kambi ya jeshi, akawajibu wote kwamba bila shaka ni mjomba wangu Kalombo wa Kabongo, maana mguu wake umevimba tangu Pasaka. Nimeandika haraka kukanusha. Hakuna aliyefungua. Jina langu wakiliona bila msiba, wanafuta.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeamka nikakuta turubai uani kwangu. Viti vya plastiki. Kwaya ya parokia! Nimejaribu kueleza, wakanishika mabega na kuniambia nilie tu, nisione haya.

Mama Bokungu amekuja na wenzake wa Base, mbabula za kupikia, makaa na gunia la unga. Akauliza mboga iko wapi. Nikasema hakuna. Akafunua kikapu. "Na hii iko nini, Papa? Bantu beko na njaa, banalia tangu asubuhi!"

Wamesonga unga wote, wamekula bukari na samaki mpaka usiku. Wote wamesifu utamu. Hakuna aliyeuliza bei. Kikapu cha tatu kilipofunguliwa nilianguka chini nikalia kuliko ndugu wote. Wamesema kweli nilimpenda mjomba.

Jumamosi, 8 Novemba
Mjomba Kalombo ameshuka kwenye pikipiki, fimbo mkononi, amekuja kujua nani amekufa. Kwaya imekatika katikati ya wimbo. Kina mama wamekimbia, kiti kimevunjika. Alipoambiwa marehemu ni yeye, akanigeukia: "Minyi niko muzima! Kumbe njo weye, mutoto ya dada yangu, unaniua mu simu?" Anadai mbuzi wa kumwomba radhi.

Akiwa bado anafoka, Tshiala akaingia na samaki wapya. Akatazama vikapu vitupu. Akavipanga kimoja ndani ya kingine, kisha akanigeukia. "Baba Naomie, jembe iko nyuma ya mulango."

Kibaya zaidi: waombolezaji wamempa Kabedi anwani zao kwa hiari yao. Wamemwomba awaandikie samaki wakifika! Samaki nimelisha mimi, wateja anavuna yeye. Nimeumia sana.

Jumatatu, 10 Novemba
Shambani kwa mama mkwe. Viganja vimetoka malengelenge. Lakini kichwa kinafanya kazi.

Wazo langu halikuwa baya. Watu si walikuja? Kosa lilikuwa moja tu: kwenye kilio watu huja kula. Kwenye arusi huja na zawadi! Simu ninayo mfukoni. Nimeegemea jembe na kuandika kichwa kipya: KISIMBA ANAOA JUMAMOSI, KARIBUNI NYOTE. Ndani nimeeleza vizuri kabisa kwamba ni mihogo ya mama mkwe inayoolewa na samaki wa ziwa Kisale, kwa bei ya arusi.

Nimewatumia wote, anwani wazi kama kawaida. Tshiala nimemweka wa kwanza, aone kwamba mumewe hakati tamaa.